Namna ya kutafuta burse na ruzuku za utafiti ukiwa Lubumbashi

Kila mwaka pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), tunawaona wanafunzi na maasistanti wenye akili nzuri wakikosa pesa za utafiti. Mara nyingi sababu ni ile ile: walianza kuhangaika siku wito wa maombi ulipoingia kwenye kundi la WhatsApp, zikiwa zimebaki siku kumi. Siku kumi hazitoshi kupata barua mbili za maprofesa, karatasi ya pointi yenye muhuri, pasipoti, na pendekezo ambalo mtu wa mbali atalisoma hadi mwisho. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na swali lako, unapita kwenye dosie, ndipo unafika kwa wafadhili. Ufuate kwa mpangilio huo hata kama una haraka.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Burse humlipia mtu: ada ya chuo, chakula, nyumba, tiketi ya ndege. Ruzuku ya utafiti hulipia kazi: safari za uwandani, vipimo vya maabara, vifaa, wasaidizi. Anayetaka kufanya masta Ulaya anatafuta burse. Asistanti ambaye tezi yake ya doktora imeandikishwa hapa hapa UNILU lakini sampuli zake zinalala kabatini kwa kukosa pesa za kuzipima, huyo anahitaji ruzuku. Wengi wa hapa kwetu hawafikirii kabisa hizi ruzuku ndogo, na ni hasara, kwa sababu mtu huzipata bila kuacha kazi wala familia.

Hatua ya 1: Andika swali lako

Mfadhili halipii mada, analipia swali. Chukua mfano wa mwanafunzi wa agronomia aliyekuja na kichwa hiki: "Uchafuzi wa mazingira katika Haut-Katanga". Mada hiyo ingetosha maprofesa kumi kwa maisha yao yote. Tulikaa naye na kuanza kumuuliza. Wapi hasa? Akasema kuzunguka kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambacho moshi wake ulianza kutoka mwaka 1911 na kupelekwa na upepo upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga. Nani anaguswa? Akasema akina mama wanaolima mboga kwenye udongo ule na kuziuza sokoni. Mboga gani? Lengalenga na matembele. Kitu gani hakijulikani bado? Hapo alinyamaza kidogo, halafu akajibu vizuri: hatujui kama kuna njia rahisi ambayo mama mwenyewe anaweza kuitumia ili mboga zake zivute madini machache zaidi.

Baada ya saa moja mada yake ilikuwa imegeuka hivi: "Je, kuongeza chokaa na mboji kwenye bustani za Penga Penga kunapunguza kadimiamu na kobalti katika lengalenga na matembele?" Soma sentensi hiyo tena. Ina mahali, ina watu, ina kitu cha kupimwa, na jibu lake linaweza kupatikana katika misimu miwili ya kilimo. Mtu anayekaa Stockholm au Brussels anaielewa mara moja, na anaona pesa zake zitaingia wapi.

Hapa sisi wa Katanga tuna nguvu ambayo hatuitumii vya kutosha. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa kabisa inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Misitu yetu ya miombo inakatwa kwa ajili ya makaa ya kupikia mjini. Kwenye vilima vya shaba kuna mimea isiyoota kwingine kokote duniani. Mtafiti wa nje akitaka kuyasoma haya lazima apande ndege, atafute mwenyeji na mkalimani. Wewe unafika kwa basi au pikipiki, na unaongea na watu kwa lugha yao. Liandike hilo wazi katika pendekezo, kwa maneno machache, bila kujitukuza.

Ukishapata swali, tafuta walioligusa kabla yako. Google Scholar ni bure. Kwa makala zinazofungwa kwa malipo, kuna Research4Life, mpango unaovifungulia vyuo vya nchi kama yetu maelfu ya majarida bila kulipa. Uliza maktaba ya fakulte kama chuo kimejiandikisha, na kama hakijajiandikisha, mwombe mkutubi alishughulikie. Kuhusu udongo wa Penga Penga, kwa mfano, watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wamekwisha kuandika juu ya nyasi zinazoweza kuufunika, kama Microchloa altera. Usipowataja, msomaji atadhani hujui kazi za nyumbani kwako, na huenda mmoja wao ndiye atakayekusahihisha.

Maliza hatua hii kwa nusu ukurasa tu: swali, kwa nini ni la lazima sasa, utafanya nini, kwa miezi mingapi, nini kitapatikana. Mpe rafiki wa fakulte nyingine asome. Kama mwanasheria hajaelewa nusu ukurasa wako wa agronomia, uandike upya.

Hatua ya 2: Tengeneza dosie ukiwa bado na nafasi

Dosie nyingi za Kongo huharibikia kwenye mambo ambayo hayana uhusiano na akili ya mtu. Anza na majina. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili la nyumbani) na prenomu (jina la kwanza). Fomu za kigeni zina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kwanza. Ukiandika postinomu upande mmoja kwenye fomu ya chuo, upande mwingine kwenye fomu ya burse, na kuiacha kabisa kwenye wasifu wako, kompyuta yao inaona watu watatu. Angalia pasipoti imeyapanga vipi majina yako, kisha tumia mpangilio huo huo kila mahali, hata kwenye makala unazochapisha. Jisajili pia ORCID: ni namba ya tarakimu 16, ya bure, inayokutambulisha popote hata jina likiandikwa vibaya.

Jambo la pili ni diploma. Kongo ilianza kuhamia mfumo wa LMD (lisanse, masta, doktora) mwaka wa masomo 2021-2022. Wale wa mfumo wa zamani walisoma graduat miaka 3, kisha lisanse miaka 2, jumla miaka 5. Mzungu akiona neno lisanse anahesabu miaka 3 na kukuweka chini ya kiwango cha masta au tezi unayoomba. Andika kwenye wasifu, pembeni ya diploma, kwamba ni miaka 5 ya chuo kikuu, na uombe fakulte ikupe barua fupi inayoeleza hivyo.

Barua hiyo hiyo ieleze pointi. Hapa kwetu mwenye asilimia 70 amepata distinction na ni miongoni mwa wachache katika promosheni yake. Mwenye 80 ana grande distinction, na kuna promosheni ambazo hakuna anayeifikia. Nchi nyingine asilimia 72 ni pointi ya mwanafunzi wa kawaida kabisa. Kama dekani atakubali kuandika kwamba ulikuwa wa pili kati ya wanafunzi 64, sentensi hiyo itakusaidia kuliko kurasa tatu za sifa.

Pasipoti uitafute sasa, hata kama hujaona wito wowote. Diploma zikihitaji kuthibitishwa kwenye wizara, kazi hiyo inafanyika Kinshasa, na kutoka Lubumbashi maana yake ni kumtuma mtu unayemwamini au kwenda mwenyewe. Iweke kwenye hesabu ya muda na ya pesa. Ukipata kila karatasi, iskani kwa usafi, ya rangi, iwe PDF, ipe jina linaloeleweka, kisha jitumie kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa, flashi hushika virusi.

Kuhusu lugha: Kifaransa chetu kinafungua milango mingi, lakini pesa nyingi zaidi zinaombwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa lisanse ya kwanza anayesoma mwongozo huu aanze Kiingereza mwaka huu, kila siku kidogo, ili siku ya kufanya TOEFL au IELTS asilipe mara mbili. Vyuo kadhaa hukubali pia mtihani wa Duolingo unaofanyika nyumbani kwa bei ndogo. Hakikisha chuo chako ni kimojawapo.

Hatua ya 3: Wajue wafadhili wanaowapokea Wakongomani

Si kila burse ya Afrika ni ya Kongo. Nyingine zina orodha ya nchi tano au sita na sisi hatumo, kwa hiyo orodha ya nchi ndiyo ya kuangalia kwanza.

Kwa masta nje ya nchi, Ubelgiji una njia mbili kubwa: ARES upande wa vyuo vya Kifaransa, na VLIR-UOS upande wa Flanders, ambako masomo yanatolewa kwa Kiingereza. ARES hupendelea watu ambao tayari wana uzoefu wa kazi, kwa hiyo anayetoka kuchukua diploma wiki iliyopita asikimbilie huko kwanza. Ujerumani, kupitia DAAD, una kozi za maendeleo zinazoitwa EPOS: wanataka miaka 2 ya kazi baada ya diploma, na kwa kawaida diploma isiwe na zaidi ya miaka 6. Chevening ya Uingereza hulipia masta ya mwaka mmoja, inataka saa 2800 za kazi, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka 2. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya haina umri wa mwisho, hutoa euro 1400 kwa mwezi, na unaruhusiwa kuomba zaidi ya programu moja kwa mwaka. Maombi mengi huwa kati ya Oktoba na Januari. Burse ya Eiffel ya Ufaransa watu wengi wanaielewa vibaya: huiombi wewe, chuo cha Ufaransa kilichokupokea ndicho kinachokuombea, kwa hiyo unaanza kwa kutafuta chuo.

Msiisahau Afrika. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, PAU, kina taasisi Yaoundé, Nairobi, Ibadan na Tlemcen, na hutoa burse za masta na doktora. Umri kwa masta ni hadi 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Yaoundé ndiyo ya utawala na sayansi za jamii, na Kifaransa kinatumika pale.

Ruzuku za kazi ndizo ninazowasihi maasistanti wazitazame. IFS ya Stockholm, mfuko wa kimataifa wa sayansi ulioanzishwa mwaka 1972, imekuwa kwa miaka mingi ikiwapa watafiti vijana wa nchi zinazoendelea ruzuku ndogo kwa kazi za viumbe na maji. Lile swali la Penga Penga liko karibu na njia yake. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za kuhifadhi viumbe, hupokea maombi mwaka mzima, na aliyemaliza ya kwanza vizuri anaweza kuomba ya pili. Anayefanya kazi kwenye hifadhi za Upemba au Kundelungu aanzie hapo. Kwa anthropolojia, Wenner-Gren hutoa hadi dola 25 000 za uwandani kwa wanafunzi wa doktora wa uraia wowote. Kwa sayansi za jamii kuna CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa jamii la Afrika, iliyopo tangu 1973, inayopokea maandishi ya Kifaransa bila shida. Na Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, hupokea watafiti wa Kiafrika kwa vipindi vifupi kwenye mikusanyo yake ya samaki, wadudu, mbao na miamba, ambayo sehemu kubwa ilichukuliwa kwetu.

Kwa akina dada: OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, ina burse za doktora kwa wanawake wa sayansi kutoka nchi ambazo Kongo imo, kwa sharti la kusoma katika nchi nyingine inayoendelea, na ina ruzuku ya hadi dola 50 000 kwa waliomaliza doktora. Faculty for the Future ya Schlumberger ipo tangu 2004. L'Oréal na UNESCO hutoa kwa Afrika kusini mwa Sahara euro 10 000 kwa mwanafunzi wa doktora na 15 000 kwa aliyeimaliza. Dada zangu wa politekniki na wa kemia, maombi yenu ni machache kupita kiasi, na nafasi hizi zimewekwa kwa ajili yenu.

Mwanafunzi ambaye bado yuko lisanse na ana pointi za juu amuulize dekani kuhusu BEBUC, burse ya wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo iliyoanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa.

Hatua ya 4: Usome wito kwa kalamu mkononi

Uchapishe wito, au uunakili kwenye daftari. Piga mstari chini ya kila neno la lazima: umri, nchi, diploma, lugha, idadi ya kurasa. Sharti moja likikukataa, acha, nenda kwa mwingine. Usitumaini kwamba watakuonea huruma. Kisha tafuta waliopewa mwaka uliopita. Wafadhili wengi huweka majina na mada zao hadharani, na kusoma mada ishirini zilizokubaliwa kunakuonyesha mfadhili anapenda nini. Kama kuna Mkongomani kati yao, mwandikie kwa heshima, swali moja au mawili tu.

Hatua ya 5: Barua za mapendekezo

Profesa wetu ana wanafunzi mia nne, kozi Likasi na Kolwezi, na vikao. Ukimwendea na kusema "Profesa, naomba barua", utapata mistari mitano inayoweza kumfaa mtu yeyote. Mwendee mapema, wiki nne kabla, na ukurasa mmoja: jina la burse, tarehe ya mwisho, kozi alizokufundisha na pointi ulizopata, memwari (kazi ya mwisho wa masomo) uliyofanya naye, na mambo mawili aliyoyaona kwa macho yake, kama zile wiki ulizobaki maabara wakati wa likizo. Atakushukuru, kwa sababu umempunguzia kazi.

Halafu muulize swali hili bila aibu: "Profesa, ni barua pepe ipi unayoifungua kila siku?" Siku hizi mifumo mingi haipokei barua kutoka kwako, inamtumia profesa kiungo, na kiungo kikiangukia kwenye anwani aliyoiacha zamani, ombi lako linabaki nusu. Siku kiungo kinapotumwa, mpigie. Kama haoni kitu, aangalie kwenye barua taka. Na chagua profesa anayekujua kuliko mwenye cheo. Barua ya rekta asiyekukumbuka ni nyepesi.

Hatua ya 6: Bajeti inayoaminika

Kila mstari wa bajeti uwe na hesabu inayoonekana: watu wangapi, mara siku ngapi, mara bei gani. Usiandike "usafiri, dola 800". Andika safari ngapi za Kipushi, kwa gari gani, nauli ya kwenda na kurudi. Maabara ikupe bei kwa maandishi kabla hujatuma. Kama sampuli zitapimwa nje, weka gharama ya kuzisafirisha na muda wa kupata ruhusa ya kuzitoa nchini. Kazi ya hifadhini inahitaji kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, na kazi inayohusu miili au afya za watu ipite kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo. Kutaja vibali hivi katika ratiba kunaonyesha kwamba unaijua kazi.

Usipunguze bajeti ukidhani bei ndogo itakupa ushindi. Msomaji mwenye uzoefu akiona huna pesa ya mafuta wala ya msaidizi, anajua kazi haitakwisha. Uliza pia mapema pesa zitaingia wapi: nyingi hutumwa kwenye akaunti ya chuo, na lazima ujue nani anatia sahihi ili zitoke.

Hatua ya 7: Tuma, na ujilinde

Fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wiki mbili kabla, kwa sababu fomu huwa na maswali ambayo hayakutajwa kwenye wito. Andika majibu kwenye faili yako, kisha uyanakili, maana SNEL ikikata umeme katikati ya fomu utaanza upya. Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Na uangalie saa: majira ya baridi Brussels iko nyuma yetu kwa saa moja, majira ya joto tuko sawa, Montreal ni hesabu nyingine kabisa. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba wamepokea.

Mtu akikuambia ulipe "pesa za dosie" kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ili burse yako ipite, huyo ni mwizi. Wafadhili wote niliowataja hapa hawamlipishi mwombaji. Angalia anwani ya barua pepe: ARES au DAAD haiandiki kutoka Gmail. Na usimpe mtu wa siber (duka la intaneti) nywila yako, hata kama ni jirani.

Hatua ya 8: Baada ya majibu

Ukikataliwa, andika kuomba maoni ya waliokusoma. Baadhi hawajibu, wengine hutuma ukurasa mzima wenye thamani kubwa. Rekebisha, tuma tena mwaka unaofuata kama bado una haki, na wakati huo huo pendekezo lile lile lipeleke kwa mfadhili mwingine kwa umbo analotaka yeye.

Ukikubaliwa, soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi, hasa tarehe za ripoti na masharti ya kubadilisha mistari ya bajeti. Nunua daftari la risiti siku hiyo hiyo. Mwenye pikipiki wa Katuba na mama anayekukodishia bustani hawana risiti, kwa hiyo andaa karatasi yako ya malipo yenye tarehe, kiasi, kazi iliyofanywa, jina, namba ya simu na sahihi, au dole gumba kwa asiyeandika. Piga picha ya kila karatasi jioni ile ile na uiweke kwenye folda ya mwezi huo. Mhasibu wa mfadhili atakapoomba hati za safari ya Kipushi ya mwezi wa tatu, umtumie siku hiyo hiyo, kwa sababu awamu ya pili ya pesa hutoka baada ya hesabu za ya kwanza kukubaliwa.